Kabla Hujaita Vibarua: Bwawa la Mkulima Mwenye Fedha Ndogo

Hotuba hii ilitolewa kwa wakulima wa mabondeni waliokusanyika Njombe. Tunaiweka yote hapa kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kufika. Michoro ya ubaoni tumeiacha.

Kamwene! Kamwene tena, maana upande wa nyuma sikuwasikia.

Mheshimiwa Diwani, ndugu Mtendaji wa Kata, wenyeviti wa vijiji, wazee wetu, akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliokuja na madaftari, asanteni kwa kufika. Najua wengine mmeacha mahindi uani hayajapukuchuliwa, kwa hiyo sitazunguka.

Mtu akipata wazo la kuchimba bwawa, la samaki au la kumwagilia, anauliza nini kwanza? Anauliza: "Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kinatoza shilingi ngapi kwa saa?" Mwenzake, ambaye mfuko wake ni mwepesi zaidi, anauliza vibarua wanataka ngapi kwa siku. Wote wawili wameanzia mwisho. Fedha ya bwawa haipotei wakati wa kuchimba, ndugu zangu. Inapotea siku ile unaponyoosha kidole na kusema, "Chimbeni hapa." Ukikosea mahali, utalipa tena kwa turubai, utalipa tena kwa pampu, na mwisho utalipa watu walewale wafukie shimo walilolichimba. Ukipatia mahali, maji yanaingia yenyewe, yanakaa yenyewe, na siku ya kuvuna yanatoka yenyewe. Yanaingia yenyewe, yanakaa yenyewe, yanatoka yenyewe. Mwenye fedha ndogo hana njia nyingine.

Leo tutatumia bwawa moja la mfano ili hesabu zetu zisitofautiane. Uso wa maji ni mita 15 kwa mita 10. Kina ni sentimita 90 upande wa juu na sentimita 110 upande wa chini, yaani wastani wa mita moja. Hilo ni bwawa ambalo familia inaweza kulichimba kwa mikono.

Tuanze na maji. Huku kwetu nyanda za juu mvua ni msimu mmoja. Inaanza Novemba, inaishia Aprili au Mei, halafu ni ukame mpaka Novemba nyingine. Sasa mchukulieni mkulima ambaye bwawa lake linategemea mvua peke yake. Mwisho wa Aprili limejaa, anawaita majirani waje waone. Jua na upepo wa kiangazi vinanyonya milimita 4 hadi 5 za maji kila siku juu ya uso wa bwawa. Zidisheni kwa siku 150, kuanzia Mei hadi Septemba. Mnapata nini? Sentimita 60 hadi 75. Kwenye bwawa la kina cha mita moja! Na hapo hajamwagilia hata mche mmoja wa parachichi, na wala hatujahesabu yanayozama ardhini. Oktoba anabaki na matope na vyura. Bwawa lake halikuvuja, ndugu zangu. Lilifanya lile ambalo hesabu ingemwambia tangu mwanzo.

Kwa hiyo swali si kama kuna maji. Swali ni kama kuna maji mwezi wa Oktoba. Mnakijua kile kijito cha kwenye vinyungu vyenu, zile bustani za mabondeni. Nendeni mkakipime mwishoni mwa Septemba au Oktoba, si sasa kikiwa bado kina nguvu ya masika. Kipimo ni ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Zuia maji kwa udongo, yapitishe kwenye bomba au gome la mgomba, kinga ndoo, hesabu dakika.

Ndoo inasema nini? Bwawa letu la mfano lina mita za mraba 150. Likipoteza sentimita moja kwa siku kwa jua na kuzama pamoja, hiyo ni lita 1,500 kwa siku, yaani lita moja na kidogo kila dakika. Maana yake, kijito kinachojaza ndoo kwa dakika 18 au 19 kinatosha kulishikilia bwawa lisishuke. Wengi wenu mnacho kijito cha namna hiyo na mnakidharau. Lakini kulijaza bwawa mara ya kwanza ni habari nyingine. Linameza mita za ujazo 105, yaani lita 105,000, na kwa nini si 150 nitawaeleza mbele. Ukitaka lijae kwa siku 10, unahitaji lita 7 na kidogo kwa dakika, ndoo ijae chini ya dakika 3. Kama huna haraka, lijaze kwa mwezi. Samaki hawapandwi wiki ya kwanza hata hivyo.

Mtu atasema: basi nitachimba pale pale mtoni, maji si yapo? Hapana. Mto huo unaouona mpole leo, Machi utapita juu ya tuta lako, utachukua samaki, utachukua na tuta. Hili linatokea masika baada ya masika, na mwenye bwawa husema ni bahati mbaya. Zaidi ya hapo, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali ukichepusha maji. Nendeni mkaulize bodi ya maji ya bonde lenu kabla ya kugusa jembe. Bonde la Rufiji wako Iringa mjini, Bonde la Ziwa Nyasa wako Tukuyu, Bonde la Ziwa Rukwa wako Mbeya. Msiwaone kama wasumbufu. Maji ya mto Mbarali yanaingia Ruaha Mkuu, yanakwenda Mtera, yanakwenda Kidatu kuzungusha mitambo ya umeme. Kila anayechepusha juu, kuna mtu anakosa chini, na huyo wa chini naye ana mpunga.

Unachotaka ni sehemu iliyo juu kidogo ya bonde, pembeni, inayofikiwa na mfereji mdogo kutoka kwenye kijito, na yenye mteremko mdogo chini yake. Mita 1 hadi 3 za kushuka kwa kila mita 100 ndiyo nzuri. Ukizidi mita 5 kwa 100, tuta la upande wa chini linakuwa kubwa mno na fedha yako yote itaishia humo. Pakiwa tambarare kabisa, maji hayana pa kutokea. Mteremko haupimwi kwa macho. Macho ya mtu anayetaka bwawa yanaona kila mahali pazuri. Nunueni mpira wa uwazi, mita 15 au zaidi, mwembamba tu, ule wa mafundi ujenzi. Ujazeni maji, toeni mapovu yote, funga ncha moja kwenye kigingi cha juu na nyingine kwenye kigingi cha chini. Maji ya ncha zote mbili yatasimama usawa mmoja. Pimeni kutoka usawa huo hadi ardhini kwenye kila kigingi, tofauti ndiyo mteremko. Ukiacha povu moja ndani ya mpira, kipimo chote ni uongo.

Tunakwenda kwenye udongo, na hapa nawaomba vijana muandike, maana huku kwetu udongo unadanganya.

Kila mtu anajua kwamba mchanga haushiki maji na mfinyanzi unashika. Kipimo cha kwanza mnakifahamu: chukua konzi ya udongo wa kina cha mita moja, uloweshe, finyanga donge, lirushe juu usawa wa kichwa ulidake. Likivunjika, mchanga umezidi. Likibaki donge, endelea na kipimo cha pili, na wengi hawafiki hapo.

Kwa nini hawafiki? Kwa sababu wameona udongo mwekundu. Udongo mwekundu wa Njombe na Mufindi unashikana mkononi, unafanya matofali mazuri, na mtu anajiambia huu ni mfinyanzi, kazi imekwisha. Anachimba, anafungulia maji, maji yanapotea kwa siku mbili. Imekuwaje? Udongo ule ni mfinyanzi kweli, lakini chembe zake zimeshikana zikawa vipunje vidogo vidogo, na katikati ya vipunje kuna njia. Ukiuacha ulivyo, maji yanapita kama kwenye chujio la chai. Kule Rungwe mambo ni magumu zaidi, kwa sababu udongo umetokana na majivu ya volkano. Mwepesi, una rutuba ya ajabu kwa ndizi na viazi, lakini kwa bwawa ni mtihani.

Kipimo cha pili ni hiki. Kabla ya bwawa, chimba shimo moja dogo pale pale panapotarajiwa, kina cha kiunoni. Asubuhi mapema lijaze maji mpaka juu. Jioni utakuta yameshuka, usiogope, udongo ulikuwa mkavu. Lijaze tena mpaka juu, lifunike kwa matawi na majani ya mgomba. Kesho yake asubuhi fungua. Maji mengi yakiwa bado yapo, chimba bwawa. Yakiwa yameisha, tafuta sehemu nyingine kwanza. Fanya hivyo kwenye pembe mbili au tatu, kwa sababu mkanda wa mchanga unaweza kupita kona moja tu na kona hiyo moja ikakausha bwawa zima. Gharama ya kipimo hiki ni ndoo za maji na usiku mmoja. Kuna kitu cha bei nafuu kuliko hicho?

Na kama sehemu nyingine haipo? Udongo mwekundu una dawa, na dawa yenyewe ni kuvunja vile vipunje. Ukishachimba, mwaga maji kidogo sakafuni, pawe tope la kufika kifundoni, halafu ingiza ng'ombe wakanyage. Wazungushe asubuhi, wazungushe jioni, siku tatu au nne. Asiye na ng'ombe, watoto wa shule na ngoma wanatosha. Mkikanyaga tope, vipunje vinavunjika na njia zinaziba. Msiache pakauke pakapasuka kabla ya kufungulia maji, maana mipasuko ile inafungua njia upya.

Udongo wa volkano unataka zaidi ya kukanyaga. Mnaweza kuleta mfinyanzi kutoka bondeni na kuutandaza sentimita 15 hadi 20 baada ya kushindiliwa, sakafuni na kwenye kuta zote. Kwa bwawa letu la mfano hiyo ni kama mita za ujazo 25 hadi 30 za mfinyanzi, kwa hiyo hesabuni safari za trekta kabla hamjaamua. Au mnatandika nailoni nzito ya mabwawa. Ukienda dukani, urefu wa kununua ni urefu wa bwawa juu, jumlisha kina mara mbili, jumlisha nusu mita kila upande ya kufukia kwenye mgongo wa tuta. Upana vivyo hivyo. Nailoni ya nyumba za plastiki za mboga msinunue, ni nyembamba, haivumilii jiwe moja wala kwato moja ya mbuzi. Maoni yangu? Kwa mwenye fedha ndogo, nailoni ni ya bwawa dogo la kumwagilia, si la mita 15 kwa 10.

Sasa hesabu. Akina baba, msinisinzilie hapa, maana hapa ndipo nusu ya gharama inapopatikana au inapopotea.

Kuta za bwawa haziendi wima. Kila mita moja ya kushuka, ukuta unaingia ndani mita mbili. Ukuta wima unaporomoka masika ya kwanza, na mtoto akitumbukia hana pa kupandia. Kwa hiyo bwawa lenye uso wa mita 15 kwa 10 lina sakafu ya mita 11 kwa 6 tu. Mnaona? Anayezidisha 15 kwa 10 kwa 1 anapata mita za ujazo 150 na analipa 150. Maji yanayoingia ni 105.

Lakini subirini, kuna kubwa kuliko hilo. Wachukulieni majirani wawili, wote wanataka bwawa hili hili. Wa kwanza anachimba kila kitu kwenda chini: mita moja ya maji na sentimita 30 za juu zinazobaki bila maji. Shimo lake ni mita za ujazo 155, na pembeni amebaki na mlima wa udongo asioujua apeleke wapi. Wa pili anachimba sentimita 80 tu, halafu ule udongo anaupandisha kuwa tuta la sentimita 50 kuzunguka. Sentimita 80 chini na sentimita 20 za tuta zinampa mita yake ya maji, na sentimita 30 za tuta zinabaki juu ya maji. Amechimba ngapi? Mita za ujazo 77. Nusu! Bwawa ni lile lile, maji ni yale yale, jasho ni nusu.

Kibarua mwenye jembe, sululu na beleshi anachimba na kutupa pembeni kama mita za ujazo 2 kwa siku kwenye udongo wa kawaida. Wa kwanza anahitaji siku 78 za mtu mmoja, au watu sita kwa siku 13. Wa pili anahitaji siku 39. Mwongezee theluthi kwa ajili ya kushindilia tuta, bado yuko kwenye 52. Wekeni bei ya kijiji chenu hapo, kila mtu apige mwenyewe.

Tuta hilo linahitaji kama mita za ujazo 54 za udongo ulioshindiliwa. Na zile 77? Sentimita 20 za juu kabisa, zenye mizizi na majani yaliyooza, zinakwanguliwa na kuwekwa kando, hizo ni kama mita 26. Kinachobaki ni 51. Karibu kabisa inalingana, hubebi udongo kutoka nje wala hupeleki kokote. Kwenye mteremko utachimba zaidi upande wa juu na kujaza zaidi upande wa chini, lakini hesabu haihami sana.

Malipo. Msilipe kwa siku, lipeni kwa kipande. Pigeni vigingi na kamba, gaweni eneo kwa vipande, kila kipande kina ujazo wake. Na wachimbaji waacheni waache nguzo nyembamba za udongo ambazo hazijachimbwa, moja kila pembe na moja katikati. Siku ya kulipa unapima urefu wa nguzo, kina kinajulikana, hakuna ugomvi. Nguzo zinaondolewa mwisho. Nimeona vikundi vinavunjika kwa sababu ya sentimita 20 ambazo hakuna aliyeweza kuthibitisha kama zilichimbwa.

Na kijiko? Kijiko si adui. Kwa bwawa moja dogo, gharama ya kukileta juu ya lori inaweza kuzidi kazi yenyewe. Mkiwa wakulima watano kwenye bonde moja mnagawana usafiri, hapo kinalipa. Ila kijiko kinachimba, hakishindilii. Kinamwaga udongo mkavu rundo moja, dereva anaupigapiga kwa mgongo wa bakuli lake, unaonekana tuta zuri. Ukijaza maji, tuta linashuka, linapasuka, na maji yanapita katikati. Kijiko kikichimba, watu bado lazima washindilie.

Msimu wa kuchimba ni huu, Juni hadi Septemba, kwa aliyekwisha kupima kijito chake. Mavuno yameingia, vijana wapo, udongo bado una unyevu kidogo chini. Anayesubiri Novemba anachimba tope.

Nimefika kwenye tuta na bomba, na hapa mabwawa mengi ya nyanda za juu yanakufa. Si kwa ukame. Yanakufa kwa tuta.

Tuta linaanza chini ya ardhi. Ukishakwangua udongo wa juu, chimba mtaro katikati ya mstari wa tuta, upana sentimita 50, kina sentimita 40, uujaze mfinyanzi bora ulionao na kuushindilia. Mtaro huo unakata njia ya maji yanayotaka kupita chini ya tuta. Fedha ikibana, fanya upande wa chini na nusu ya pande mbili za pembeni, huko ndiko maji yanakosukuma.

Halafu pandisha tuta kwa matabaka. Tabaka moja ni sentimita 15 za udongo uliolegea, si zaidi. Shindilia kwa gogo zito lenye mpini mpaka kisigino hakiachi alama, ndipo uweke tabaka jingine. Udongo uwe na unyevu wa kufinyangika bila kuchuruzika. Ukiwa mkavu unarudi vumbi, nyunyizia. Ukiwa tope unateleza, subiri. Mgongo wa tuta uwe na upana wa mita moja ili mtu apite na toroli. Na katika matabaka hayo yasiingie majani, mizizi, wala kisiki. Tuta lililochanganywa na majani linaonekana imara mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili majani yameoza, yameacha mashimo, fuko na kaa wanayapanua, na siku moja asubuhi unakuta bwawa liko shambani kwa jirani.

Bomba la kutolea maji linalazwa kabla tuta halijapanda, si baadaye kwa kulitoboa tuta. Nunua bomba moja la plastiki la inchi 4, lenye mita 6. Kwa bwawa letu unahitaji kama mita 4 na nusu kupita chini ya tuta kwenye kona ya kina kirefu, na kipande cha mita moja na sentimita 10 cha kusimama ndani ya maji. Bomba moja linatosha kwa vyote viwili. Baada ya tuta, maji yanaendelea kwa mfereji wa wazi kuteremka, mita 20 hadi 25 kama mteremko ni mita 3 kwa 100. Msinunue mabomba ya kufika huko. Kipande cha kusimama unakiunga kwa kona ambayo haikugundishwa kwa gundi, umeipaka grisi tu. Kikisimama, mdomo wake ndio kimo cha maji, yakizidi yanatoka yenyewe. Ukitaka kupunguza unakilaza kidogo. Ukitaka kukausha unakilaza chini kabisa. Hakuna koki, hakuna pampu. Mdomoni funga wavu.

Lakini kuna jambo moja. Maji hupenda kufuata ngozi ya bomba kwa nje. Udongo haushikani na plastiki laini. Mkulima anaona tuta zima ni kavu isipokuwa pale bomba linapotokea, anadhani bomba limepasuka, anabadilisha bomba, bado inavuja. Dawa ni kola ya zege katikati ya tuta: sentimita 60 kwa 60, unene sentimita 10, bomba likipita katikati yake. Saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kola moja inakula kama robo ya mfuko wa saruji, kwa hiyo weka mbili, nusu mfuko. Likwaruze bomba kwa msumeno pale kola inapokaa ili zege lishike. Udongo kuzunguka bomba ushindiliwe kwa mkono na kijiti, maana gogo litalivunja.

Wazee watauliza, kwa nini tusitumie mianzi? Miaka ya 1970 na 1980 vijiji kadhaa vya Iringa vilivutiwa maji kwa mabomba ya mianzi, si hadithi. Lakini mwanzi ndani ya tuta ukioza unaacha shimo la ukubwa wake, na huwezi kuubadilisha bila kubomoa. Mianzi tuiweke kwenye uzio. Uzio ni lazima penye watoto, na hapo sina la kujadiliana na mtu.

Bomba la inchi 4 haliwezi mvua kubwa ya Machi. Chimba mtaro wa kukinga maji ya mlimani upande wa juu wa bwawa, uyapeleke pembeni, yasiingie kabisa. Kisha acha njia ya maji ya ziada kwenye kona, kwenye ardhi ya asili ambayo haikujazwa, upana wa mita moja, sentimita 10 juu ya mdomo wa bomba. Ule udongo wa juu uliouweka kando sasa urudishe juu ya mgongo wa tuta na upande wa nje, panda ukoka. Ukoka tu. Mlingoti, yaani mkaratusi, usiwe karibu, wala parachichi juu ya tuta, mizizi yake itatoboa.

Samaki nitawagusia tu, maana wana siku yao. Udongo wetu mwingi una tindikali, kwa hiyo nyunyizia chokaa ya kilimo kilo 15 hadi 30 sakafuni na kwenye kuta za bwawa hili kabla ya maji. Vifaranga vya perege au sato wawili kwa mita ya mraba, yaani 300. Na msidanganyane kuhusu baridi. Samaki hao wanakua vizuri maji yakiwa na nyuzi joto 25 hadi 30. Maji yakishuka chini ya 16 wanaacha kula. Makete na Njombe ya juu, Juni na Julai msiwape chakula wasichokila, kitaoza na kuwaua. Aliyeko Usangu au Kyela atavuna mapema kuliko wewe kwa chakula kile kile, ndiyo hali halisi.

Mwisho, kujaza. Msijaze siku moja. Jaza mpaka nusu, acha wiki, zunguka tuta kwa nje kila asubuhi ukiwa peku. Unyevu mdogo wenye maji safi si tatizo kubwa, mara nyingi unaziba wenyewe. Maji yakitoka na tope, hiyo ni hatari, udongo wa ndani unachukuliwa. Laza bomba, kausha, fukua, shindilia upya siku hiyo hiyo.

Bwawa likijaa na bado linashuka, mtajuaje kama ni jua au ni kuvuja? Chukua ndoo, weka jiwe ndani, isimamishe kwenye maji ya kina kifupi, ijaze mpaka maji ya ndani na ya nje yawe usawa mmoja. Weka alama. Funga maji yanayoingia. Baada ya siku tatu zisizo na mvua, pima kote kuwili. Ndoo imeshuka sentimita moja na nusu, bwawa limeshuka sentimita moja na nusu? Ni jua, huna la kutengeneza. Bwawa limeshuka sentimita 6? Tofauti ya sentimita 4 na nusu imezama, anza kukagua pale bomba linapopita, kisha kona ya chini.

Maswali tutajibizana huko huko bondeni. Vigingi vipo, kamba ipo, na mashimo mawili ya kipimo yalijazwa maji jana jioni na kufunikwa. Wenye mpira wa uwazi tangulieni, tukayafungue pamoja.